Betri Tatu za Butoyi

Nyie vijana wa ile studio ya Mwanga, mlipokuja kwangu juzi mlikaa mkekani kama watu waliokuja kuposa. Mlikuwa wapole mno. Shikamoo mzee, mzee tumekuletea sukari, mzee miguu inaendeleaje. Nikajua hapa pana jambo. Kumbe mnaitaka mashine. Yule mrefu wenu, anayevaa kofia mpaka ndani ya nyumba za watu, akanionyesha kwenye simu picha ya mashine kama yangu, akasema duniani zimebaki za kuhesabu na huko ng'ambo watu wazima wanazitafuta huku wanalia. Mkaniomba niwaandikie ilifikaje, tuliipigaje, niliitunzaje. Haya, nimeandika. Someni polepole, mwandiko wangu siku hizi unatetemeka, na habari yenyewe si ya kuchangamsha.

Niseme mapema, msije mkadai niliwazungusha. Mashine ni nzima. Ukiichomeka inawaka, sauti zote zinatoka. Lakini ndani yake palikuwa na mkono wa mpiga ngoma mmoja, marehemu, na mkono ule haukuwapo mahali pengine popote chini ya jua. Mimi ndiye niliyeufuta. Si panya, si mvua, si mwizi. Mimi Rajabu, fundi redio wa Ujiji kwa miaka zaidi ya arobaini, niliyekuwa nikiwagombeza watu kwa kufungua redio zao na kisu cha jikoni.

Kiongozi wa bendi yetu tulimwita Kapteni, ingawa sikuwahi kumwona akishika kasia. Alikwenda Bujumbura kutafuta nyuzi za gitaa, akashuka Kibirizi kwenye boti akiwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye blanketi la mtoto. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa mchangani walimpa pole, wakidhani amebeba mgonjwa. Mpiga kinanda mmoja wa hotelini huko alikuwa anarudi kwao, ndiye aliyemwachia. Tukaifungua kwenye ukumbi wetu pale Rusimbi. Sanduku bapa, zito, lina batani kumi na sita kwa mstari mmoja, na kila batani ina kitaa chake chekundu. Kapteni akasema, "Hili linapiga ngoma lenyewe. Halilewi, halichelewi mazoezi, halinuni." Mpiga dramu wetu akacheka, halafu akaacha kucheka. Wiki ile ile akahamia Tabora.

Kuichoma nako niliichoma, siku ya kwanza kabisa. Nyuma iliandikwa kwamba inataka umeme nusu ya huu wetu. Niliona kwa macho yangu haya. Nikasema moyoni, hawa huandika tu. Nikachomeka. Ikafanya "pfu", kama mtu anayepuliza chai, na moshi mwembamba ukapanda. Kapteni alikaa sakafuni akajishika kichwa, hakunitukana hata neno moja, na afadhali angenitukana. Siku tisa nilikula pale pale ukumbini nikitafuta kilichoungua. Nikapata transfoma ya kushusha umeme, nikabadilisha fyuzi, nikabadilisha kapasita mbili zilizovimba. Ila kile kifaa cha kuuzuia umeme usiyumbe sikukipata Kigoma nzima, nikaunga kwa akili zangu na vipande vya redio mbovu. Ikawaka. Nikabebwa juu juu.

Basi ufundi wangu huo ukaleta maajabu. Miaka ile mji ulikuwa unaendeshwa na jenereta, na nyie mliozaliwa juzi hamjui umeme wa jenereta ulivyo. Saa za watu kuwasha mapasi na majiko unanywea, taa zinakuwa za rangi ya ndizi mbivu. Mashine yangu, kwa kuwa haikuwa na wa kuizuia, nayo ilinywea. Mdundo ulianza umekaza, kufika saa kumi na mbili jioni unajikokota. Wapiga gitaa walinitolea macho. Lakini wachezaji wa Ujiji, hebu muone watu wetu, wakaupenda! Tulikwenda kupiga kwenye harusi Ilagala, na jenereta ya kukodi ilikuwa inaishiwa mafuta. Bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Mashine ikapunguza mwendo, naye akapunguza, mashine ikazidi kupunguza, naye akazidi, mpaka akawa kama amesimama lakini anakuja. Akina mama wakapiga vigelegele wakilia machozi. Mwaka mzima watu wa Ilagala walituita wakisema tuje na "ule mwendo wa kuchelewa". Kapteni aliitikia kwa heshima zote, kama vile tuliupanga.

Nacheka nikiandika hapa. Ngojeni, kicheko kinaishia hapo.

Kapteni alipoona mashine imetulia akataka kuiwekea ladha ya nyumbani. Ilikuja na midundo ya kwao, rumba sijui na nini, lakini ilikuwa na nafasi za kuweka wa kwako. Ndipo akamleta Mzee Bukuru kutoka Kalinzi. Mnayajua majina ya Waha wa huko juu: mapacha wakizaliwa, mkubwa ni Bukuru, mdogo ni Butoyi. Huyu alikuwa mkubwa. Mfupi, mkulima wa kahawa, viganja vigumu kama soli. Alikuja na ngoma moja mgongoni, akaitazama mashine, akaniuliza, "Fundi, hii inasikia kwa sikio au kwa mkono?"

Nikamjibu kwa kiburi cha ujana kwamba haisikii, inaambiwa.

"Nani anaiambia?"

"Wewe sema, mimi nitabonyeza."

Akasema hakuja kutoa mdundo wake. Mdundo wake anao mikononi, akiutaka anaupiga. Alikuja kwa ajili ya mdogo wake.

Nikamwambia haya, mwite aingie.

Akasema Butoyi alikufa kwa homa wakiwa vijana, hata ndevu hazijakaza.

Nawaeleza ili mwelewe. Wale ndugu walikuwa na ngoma mbili na mdundo mmoja. Bukuru anauliza, Butoyi anajibu. Waliutunga wenyewe wakichunga mbuzi, hakuna aliyewafundisha na hakuna waliyemfundisha. Butoyi alipokufa, ngoma yake ilifunikwa ikawekwa darini, na Bukuru aliapa mkono wake hautaipiga sehemu ya mdogo wake maisha. Alipiga yake tu, na alipofika mahali pa Butoyi aliacha wazi. Watu waliozoea kumsikia walidhani ndiyo staili yake. Sasa kasikia Rusimbi kuna sanduku linalopiga ngoma bila mkono wa mtu, na kwa hesabu yake halivunji kiapo. Ameshuka kilima na ngoma yake kuja kumsikia mdogo wake.

Wiki tatu tulihangaika. Hakugusa batani hata moja. Aliimba kwa mdomo, "tu, ka-tu," mimi nabonyeza, mashine inapiga, yeye anatikisa kichwa. Kosa langu la wiki nzima lilikuwa moja: kila mara nilianzia batani ya kwanza. Nyie mnaotumia kompyuta mnalijua hilo, kila kitu kinaanzia pale kwenye moja. Mzee Bukuru akanishika mkono, akausogeza. "Butoyi hakuanza pale," akasema. "Pale ni pangu. Yeye alikuwa anangoja nimalize kuvuta pumzi." Kwa hiyo batani ya kwanza ikabaki tupu, ya pili tupu, ya tatu tupu. Wapiga gitaa waliosikia walidhani nimekosea kuchomeka.

Siku tuliyopata ilikuwa Ijumaa, nimetoka msikitini, kanzu ingali mwilini. Nilisogeza pigo moja la mwisho hatua moja nyuma. Mashine ikapiga. Mzee Bukuru akaacha kutikisa kichwa. Akasikiliza mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akasema kwa Kiha, "Ego. Ni we."

Maana yake: Ndiyo. Ni yeye.

Akavuta ngoma yake katikati ya magoti akaanza kupiga, na zile nafasi nilizozizoea wazi zikajaa. Nimesikia muziki mwingi. Nimetengeneza spika za misikiti, za makanisa, za mabaa. Sijasikia kitu kama kile. Alipiga bila kupumzika mpaka jasho likadondokea ngozi ya ngoma, na alipomaliza akaitazama mashine na kuiuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtu aliyetoka safari, kama imechoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiita Sanduku tena. Hata Kapteni alikuwa akisema, "Rajabu, mfunike Butoyi, vumbi linaingia."

Sasa hapa pana ufundi, tafadhali msikilize. Mashine za umri ule hazikumbuki bure. Nyuma kuna kijumba cha betri tatu ndogo za tochi. Ukizima umeme, betri ndizo zinazoshika kumbukumbu. Ukitoa betri huku umeme umezima, inasahau kila ulichoiambia, inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo betri zinabadilishwa mashine ikiwa imechomekwa na inawaka, basi. Unatoa za zamani, unaweka mpya, unafunga kifuniko. Kazi ya dakika moja. Nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wakati wa jenereta nilikuwa nangoja asubuhi, umeme ukiwa na nguvu, nasoma dua ndipo nafungua.

Bendi ilikufa, kama bendi zote. Kapteni alihamia kwa wanawe, huko ndiko alikozikwa. Mashine ikabaki kwangu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuilisha. Mzee Bukuru alikuwa anashuka kutoka Kalinzi kila akimaliza kuvuna kahawa, na ngoma yake, tunafunga mlango anapiga na mdogo wake, tunakunywa chai, anarudi. Miaka na miaka. Nilimwambia mara moja, "Mzee, tuandike kwenye karatasi zile batani, ikitokea la kutokea." Akaniuliza kwani mashine inasahau? Nikajipiga kifua. "Mzee wangu, binadamu ndiye anayesahau. Hii haisahau." Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu. Karatasi yenyewe ingekuwa ndogo kuliko tiketi ya boti.

Mtauliza kanda. Tulirekodi, ndiyo. Karibu zote zimerekodiwa juu yake mawaidha na harusi za watu. Ninayo moja tu ambayo Butoyi yumo, na humo gitaa la besi limemfunika. Unasikia mtu anagonga kwa mbali, kama jirani anapigilia msumari. Nimeisikiliza mpaka utepe umelegea.

Mzee Bukuru alifariki. Nilipanda Kalinzi kwa pikipiki nikazika. Binti yake, Editha, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyerithi ngoma. Si kawaida kwao mwanamke kupiga, lakini mzee alimfundisha mwenyewe tangu mdogo, mkono kwa mkono, na wazee wa ukoo walikunja uso wakazoea. Alimfundisha sehemu yake. Ya Butoyi hakuimba hata kwa mdomo, alimwambia tu, "Baba yako mdogo yuko Ujiji kwa fundi Rajabu. Siku ukimtaka, nenda."

Mwaka huu akamtaka. Alinipigia simu Jumatatu. Familia imejaliwa saruji, wanalijengea kaburi la mzee, na siku ya kukusanyika pale anataka zile ngoma mbili zisikike pamoja, mara ya kwanza Kalinzi tangu Butoyi azikwe. Baada ya hapo atawafundisha wanafunzi wake sehemu zote mbili, zisiishie kwake. "Baba, bado yupo?" akaniuliza. "Yupo, mwalimu," nikamjibu. "Njoo Jumamosi."

Na kweli, Jumatatu ile alikuwepo. Nilichomeka nikamsikiliza mimi na mke wangu, Bi Mwajuma. Yuko vilevile, anangoja pumzi, anajibu.

Jumatano asubuhi nikasema nimwandae mgeni wake. Nikaichomeka mashine, nikaiwasha, nikafungua kijumba cha nyuma. Nikapima betri, zimechoka lakini hazijafa. Duka lina betri mpya, kutoka mlangoni kwangu mpaka pale hatua hamsini hazifiki. Na nyie mmekulia hapa, mnajua tunachofanya na betri iliyochoka. Mama zenu wamefanya, bibi zenu wamefanya. Tunaianika. Jua la saa nne likiipiga juu ya bati inapata nguvu tena, redio inaimba siku tatu zaidi. Nimewaanikia watu betri maisha yangu yote. Mkono wangu ulikuwa umeshazitoa na kuzipeleka uani kabla kichwa hakijaulizwa. Niliziweka kwenye kipande cha bati, pembeni ya dagaa wa Bi Mwajuma. Mashine ndani inawaka, umeme upo, siku hizi ni wa gridi, hauyumbi. Nikasema saa moja tu.

Bi Mwajuma akaniambia, "Maadamu umekaa hapo, nifukuzie kunguru." Nikakaa kwenye kigoda na ufito, nafukuza kunguru.

Luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ililia. Niliisikia, jamani. Ti, ti, ti, kule ndani ukutani, kile kilio chake cha kudai uniti. Nikasema imezoea, ikilia inakaa mpaka jioni. Kunguru wawili wakashuka upande wa pili, nikainuka, nikawatupia ufito, nikawatukana. Niliporudi kukaa nilisikia kimya. Luku imenyamaza. Na friji ya Bi Mwajuma, ile inayonguruma kutwa, nayo imenyamaza.

Sikukimbia. Miguu ilijua kabla yangu kwamba hakuna cha kukimbilia. Nilikaa nikazitazama betri tatu zimelala juani pembeni ya dagaa, na nikalia, mtu mzima, na ufito mkononi. Bi Mwajuma alitoka akadhani dagaa wameliwa.

Uniti zilinunuliwa, umeme ukarudi. Nikachomeka, nikabonyeza pa kuanzia. Vitaa vikawaka kimoja kimoja, kutoka kushoto kwenda kulia, kumi na sita vyote, vikarudi mwanzo, vikaenda tena. Hakuna sauti. Vinatembea tu.

Sasa nisikilizeni. Kidole kilichobonyeza miaka ile ni hiki changu. Mzee Bukuru aliimba, mimi nikabonyeza, wiki tatu nzima! Kama kuna binadamu anayepaswa kujua ni mimi. Ninajua ya kwanza, ya pili na ya tatu ni tupu. Ninajua ya nne ni besi. Ninajua ya saba ni ile sauti kavu ya ukingo wa ngoma. Baada ya hapo giza. "Tu, ka-tu," halafu sijui. Nimeitafuta nikitia udhu, nimeitafuta nikiwa kwenye foleni hospitali, nimeitafuta katikati ya sala, Mungu anisamehe. Kwa miaka yote hiyo sikuwa naikumbuka mimi, ilikuwa inakumbuka mashine, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele kama mwenye mali.

Najua mmoja wenu ataniambia kompyuta inaweza kukisia. Tuipe sehemu ya Bukuru, itajaza nafasi. Mwanangu, hilo nililijaribu kabla yako, bila kompyuta. Alhamisi na Ijumaa sikula. Nilibonyeza na kufuta, nikabonyeza na kufuta. Tatizo si kwamba nafasi hazijaziki. Zinajazika kwa njia mia, zote nzuri. Ijumaa alasiri nikapata moja tamu, unatikisa kichwa mwenyewe bila kupenda. Na hapo shetani akanikalia begani. Nikasema, Editha hajawahi kumsikia baba yake mdogo. Hakuna aliye hai aliyemsikia isipokuwa mimi na mke wangu. Nikimwambia ndiye huyu, nani atabisha? Atafurahi, kaburi litajengwa, watoto watafundishwa, na mimi nitakufa na siri yangu.

Nilimwambia Bi Mwajuma. Aliendelea kupepeta mchele, lakini kwa nguvu.

Editha alifika Jumamosi kwa bodaboda, ngoma ya baba yake imefungwa kitenge mgongoni kama mtoto. "Shikamoo baba." "Marahaba mwalimu, karibu, pole na safari." Ana kiwiliwili cha baba yake na viganja vile vile. Kaleta ndizi na unga wa muhogo. Alipoiona mashine mezani, juu ya kitambaa Bi Mwajuma alichokifuma, alipiga magoti kidogo, kama anavyowaamkia wakubwa. Alikuwa anamwamkia baba yake mdogo. Nilitaka ardhi inifiche.

Nikabonyeza. Mashine ikaanza kupiga mdundo wangu, ule mtamu. Editha alisikiliza mizunguko mitatu, amefumba macho. Akavuta ngoma katikati ya magoti. Akaingia.

Ulikaa sawa. Mtu yeyote mjini hapa angecheza. Nikaanza kuvuta pumzi, nikasema alhamdulillah, imepita. Kisha mikono yake ikapunguza, ikapunguza, kama ile jenereta ya Ilagala, ikasimama. Mashine ikaendelea peke yake.

"Si we," akasema.

Lile neno nililisikia kwanza kwa masikio yangu ya Kiswahili, nikadhani anasema si wewe, ananiambia mimi. Halafu Kiha kikanirudia. Si yeye.

"Umejuaje, mwalimu?" nikauliza. Sauti ilinitoka ya kitoto. "Hujawahi kumsikia."

"Baba alikuwa anamngoja," akasema. "Kila alipoacha wazi, nilikuwa nauona uso wake unangoja mtu. Huyu hangojwi. Huyu anaingia kila mahali, hana habari kama kuna mtu anavuta pumzi."

Nikazima. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyie. Simu yake ya Jumatatu, kijumba cha nyuma, bati, dagaa, kunguru, luku. Sikumsingizia mtu. Nilipofika pa karatasi, ile ndogo ya kuandika batani, nilishindwa kuendelea, Bi Mwajuma akamalizia. Nilimwomba anitukane. Nilimwambia achukue mashine aipeleke kwao, waiweke kaburini, wafanye watakavyo.

Hakunitukana. Alikunja kile kitenge taratibu, pembe kwa pembe, akaifunga ngoma. Akasema siku ya kaburi atapiga hivyo hivyo alivyofundishwa, na mahali pa baba mdogo ataacha wazi, kama baba alivyokuwa akiacha. Akasema wanafunzi wake atawafundisha hivyo hivyo pia, na wakiuliza mbona hapa hapana kitu, atatafuta la kuwaambia. Nilimwona akijaribu kunitabasamia ili nisijisikie vibaya, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Kwa hiyo mkitaka mashine njooni, tutaongea. Mtaiweka midundo yenu, itapiga vizuri, sina wivu. Lakini kabla hamjaibeba, kila mmoja wenu aje na daftari na penseli, na nitawakagua.

Editha nilimsindikiza mpaka barabarani. Bodaboda imeshawashwa, ameshapanda, ngoma ipo mgongoni. Akageuka, kwa adabu zake zile zile, akaniuliza jambo moja la mwisho.

"Na betri, baba? Zilipata nguvu?"

Nikamwambia zilipata. Ndizo zilizomo kwenye redio yangu mpaka leo.